Siku ya Tatu Nyumbani kwa Mwalimu Sarabamun

Jumanne, tarehe kumi na moja ya Amshir, mwezi wa pepo katika kalenda ya Wakopti. Tangu alfajiri upepo ulivuma kutoka jangwani, upande wa mashariki, na kufikia saa mbili asubuhi anga lilikuwa na rangi ya bizari, jua limefifia hata mtu aliweza kulitazama bila kukunja uso. Vumbi lilipenya chini ya milango, likatanda juu ya mikate, likakaa kwenye nyusi za watu. Amshir ni Amshir. Pale kijijini Nazlat Bishay hakuna aliyelalamika.

Wissa Bakhoum alikuwa mezani, daftari lake limefunguliwa mbele yake. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Mwaka juzi alistaafu kazi ya reli, kazi ya kubadilisha njia za treni, na tangu hapo kila asubuhi baada ya sala aliandika vitenzi vya Kikopti mstari kwa mstari, kama alivyozoea zamani kuandika saa za treni. Leo alichagua kitenzi cha kutoka. Nilitoka. Ulitoka, akiambiwa mwanamume. Ulitoka, akiambiwa mwanamke. Kalamu ilipofika mstari wa nne, *alitoka*, akaisikia tena ile sauti.

Ilikuwa sauti ya mzee, nyembamba, yenye mkwaruzo kidogo mwanzoni. Iliimba polepole, kama mtu anayepanda ngazi huku akipapasa ukuta. Ilipanda, ikapanda, ikafika kwenye neno lile lile, ikakatika. Baada yake kikaja kimya, kimya cha mtu anayengoja aambiwe kitu.

Wissa alifanya ishara ya msalaba. Nje, makuti ya mtende yalikuwa yakipigana na upepo.

"Insaf! Umesikia?"

"Nimesikia nini? Upepo?" Mkewe alitoka jikoni akifuta mikono. "Wewe tangu Jumapili unasikia-sikia tu. Chai nimeipasha mara mbili, ya tatu utaipasha mwenyewe."

"Kuna mtu anaimba."

"Basi ni wewe. Wazee huimba bila kujua." Kisha akauona uso wake, akaacha mzaha. Akavuta kiti akakaa. "Leo siku ya tatu, Wissa. Abuna atakwenda kusali nyumbani kwa Mwalimu saa tisa. Utakwenda?"

"Makaburini nilikwenda."

"Ulikwenda ukajificha nyuma ya trekta. Nilikuona. Kijiji kizima kilikuona."

Wissa alifunga daftari. Katika kijiji kile watu wanajua kwamba roho ya marehemu hukaa nyumbani kwake siku tatu, ikizunguka kati ya vitu vyake. Siku ya tatu kasisi, Abuna kama wamwitavyo, huja, husali, hunyunyiza maji vyumbani, nayo roho huaga na kwenda zake. Kabla maji hayajanyunyizwa, kila aliyekuwa na ugomvi na marehemu huja kuumaliza mbele ya jamaa wa nyumba. Asipokuja, ugomvi hubaki naye, wala hapana kasisi atakayemwondolea kwa urahisi.

Na Wissa alikuwa na ugomvi. Tangu mwezi wa Hatur, miezi mitatu nyuma, hakuwa amesogea kupokea komunyo. Kila Jumapili alisimama kanisani na shati lake jeupe, aliwaona wengine wakipanga foleni, na miguu yake ikakataa. Ingewezaje kukubali? Mtu hupaswa kupatana na ndugu yake kwanza. Sasa ndugu yake alikuwa kaburini, na zilikuwa zimebaki saa chache tu kabla maji hayajamwagwa.

*

Walikuwa wamejuana kwa namna ya ajabu kidogo, yeye na Mwalimu Sarabamun.

Mwalimu alikuwa kipofu tangu utotoni, na alikuwa mwimbishaji wa kanisa la Mar Buqtur kwa miaka hamsini na mbili. Nyimbo zote za mwaka alizibeba kichwani. Hakuna hata moja aliyojifunza kwa maandishi. Baba yake, Gad, naye akiwa kipofu, alimkabidhi mdomo kwa sikio, wimbo kwa wimbo, na wimbo ambao hukukabidhiwa hivyo huhesabiwi kuwa unao, hata ukiujua wote. Lakini maana ya maneno Mwalimu aliijua kwa jumla tu. Kijijini Kikopti hakisemwi na mtu tena, huimbwa.

Kanisa lilipofungua darasa la jioni kwa watu wazima, Jumatano na Jumamosi, Wissa alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Alinunua kitabu cha sarufi kilichochapishwa mjini, akakisoma kwa bidii ya mtu aliyechelewa. Vitenzi vilimteka moyo. Alistaajabu jinsi herufi chache tu mwanzoni mwa kitenzi zinavyobeba mtu na wakati wake: huyu ni nani, na jambo limekwisha, au huwa linatendeka kila siku, au bado halijatendeka. Kulikuwa hata na namna moja ya kitenzi isiyoweza kusimama peke yake, ambayo lazima iegemee kitenzi kilichotangulia. Alipomweleza Mwalimu jambo hilo, mzee alicheka hadi akakohoa.

"Hicho kitenzi ni mimi," alisema. "Nipe bega, twende nyumbani."

Basi wakafanya mapatano. Mwalimu angemkabidhi Wissa nyimbo, na Wissa angemweleza Mwalimu maana. Jioni nyingi walikaa kwenye benchi la mbao nyumbani kwa mzee, chai nyeusi mbele yao. Mzee aliimba kipande, akasimama, akauliza, "Hapa nasema nini, mwanangu?" Wissa alipomwambia, machozi yalimtoka yale macho yasiyoona. "Miaka hamsini," alisema, "nimekuwa nikipeleka barua ambazo sijazisoma."

Wimbo wa mwisho aliomkabidhi ulikuwa ule wa siku ya tatu, wa kuiaga roho, ambao watu wa Mar Buqtur peke yao ndio wanaouimba. Katikati yake kuna mahali ambapo sauti hupanda sana, kisha roho inatajwa kwamba *imetoka*. *Afi*, aliimba Mwalimu. Ametoka.

Kisha ikaja ile Jumamosi ya Hatur. Shemasi mmoja alikuja kutoka mjini kulitazama darasa, kijana mwenye miwani na shahada. Wissa alitaka kuonekana. Ndivyo ilivyokuwa, na baadaye hakuweza kujidanganya kwa maneno mengine. Mwalimu alipoimba na kufika pale juu, Wissa aliinua mkono kama mwanafunzi wa shule.

"Samahani, Mwalimu. Hapo si *afi*. Hapo kasisi bado anaomba, roho haijatoka. Mtu haombi jambo lililokwisha kufanyika. Kitabu kinataka *efei*, na atoke."

Mwalimu alielekeza sikio. "Mimi nilikabidhiwa hivi na baba."

"Basi baba yako naye alikosea, Mwalimu. Mmekosea ukoo mzima!"

Darasa likacheka. Shemasi naye alicheka, kwa adabu, akiwa ameziba mdomo kwa kalamu. Qulta kinyozi alipiga meza kwa kicheko. Mwalimu naye alitabasamu, kama watabasamuvyo vipofu wasipojua watu wanacheka upande gani. Akapapasa akaitafuta fimbo yake.

"Sawa, mwanangu," alisema. "Kitabu kina macho."

Hakurudi tena darasani. Jumapili iliyofuata hakuimba. Abuna Makari aliambiwa kwamba Mwalimu ana mafua. Wiki ya tatu Wissa alikwenda kumwona, saa nne za asubuhi, na Bi Hannuna, mke wa Mwalimu, alimwambia mlangoni, "Amelala." Wissa alijua kwamba hakulala. Aligeuka akaenda zake, na jambo lililomtesa tangu siku ile si kwamba alifukuzwa, bali kwamba aliposhuka ngazi ya mlangoni alijiona mwepesi.

*

Saa nane na nusu Qulta kinyozi alibisha hodi, kitambaa kimefungwa usoni kama mwizi.

"Ami Wissa! Vaa kanzu tuondoke. Abuna ameshapita na mwavuli wake, upepo unataka kumpeleka Sudani."

"Nenda tu, Qulta. Kichwa kinaniuma."

"Kichwa! Mimi nina dawa ya kichwa, ninakinyoa chote." Alishusha kitambaa, na uso uliokuwa chini yake haukuwa ukicheka. "Sikiliza. Mimi nilicheka siku ile. Nilicheka kuliko wote. Asubuhi hii nimekwenda pale nikamwambia Mama Barsum, nikaanguka miguuni pake. Unajua alinijibu nini? 'Wewe ulicheka, Qulta. Aliyechekesha yuko wapi?'"

Mama Barsum ndivyo wengi walivyomwita Bi Hannuna, kwa jina la mwanawe wa kwanza aliyefia jeshini.

Insaf alikuwa ameshaleta kanzu. Alimvisha kama mtoto, akajifunga mtandio wake, wakatoka wote watatu.

Barabarani hakuna aliyeonekana. Vumbi lilipita kati ya nyumba kama maji ya mfereji. Nyuma yao Wissa alisikia fimbo, tak, tak, fimbo ya mtu anayepima ukingo wa njia. Alisimama. Qulta na Insaf nao walisimama.

"Nini tena?" Insaf aliuliza.

Njia ilikuwa tupu. "Twendeni," alisema Wissa, akashika mkono wa mkewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya barabarani tangu waoane.

Nyumba ya Mwalimu ilikuwa wazi. Mlango ulikuwa umewekewa jiwe usijifunge. Ndani wanawake walikaa sakafuni kwa nguo nyeusi, wanaume kwenye mikeka kando ya ukuta. Katikati kulikuwa na sinia: bakuli la maji, mkate ulioumuliwa juani, chumvi, na fungu la majani mabichi. Benchi la mbao lilikuwa mahali pake, na hakuna aliyelikalia, ingawa watu walikuwa wamebanana.

Bi Hannuna alikuwa amesimama kizingitini. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu. Alimpisha Insaf. Alimpisha Qulta. Halafu akanyoosha mkono akashika upande wa pili wa mlango.

"Wewe huingii."

"Mama Barsum," Wissa alisema, "nimekuja kuomba..."

"Umekuja siku ya tatu. Alikungoja miezi mitatu."

"Nilikuja. Uliniambia amelala."

"Nilikwambia amelala, nawe ukashukuru! Niliuona mgongo wako ukishuka ngazi. Mtu anayetaka kusamehewa hulala mlangoni, Wissa. Hakai kwake akinywa chai."

Abuna Makari, mzee mnene mwenye ndevu zilizojaa vumbi, alisogea na chetezo mkononi. "Mama Barsum, binti yangu, mwachie aingie. Ndiyo maana ya siku hii."

"Ataingia, Abuna. Kwanza asikie alichokifanya, kwa sababu hajui. Anafikiri alimtia mume wangu aibu. Aibu! Sarabamun alikuwa kipofu tangu ana miaka minne, aibu aliizoea kama mkate." Alimgeukia Wissa. "Baada ya siku ile alimwita binti yetu Taqla, akamwambia, nisomee kile kitabu. Kila asubuhi anakaa pale kwenye benchi anajaribu kuimba unavyotaka wewe. Anapanda vizuri, anafika pale, anakatika. Koo haliendi. Anaanza upya. Mara kumi, mara ishirini. Nikamwambia imba kama zamani, basi. Akasema, 'Siwezi, Hannuna. Nikiimba kama zamani namsikia Wissa, nikiimba kama Wissa namsikia baba analia.' Sikukuu ya Kuzaliwa Bwana hakuimba hata nyimbo nyingine. Akaniambia, 'Sijui tena baba aliniachia nini.' Miaka hamsini na mbili. Amekufa hana hata wimbo mmoja."

"Na bado hajaacha," Bi Hannuna alisema, sauti imeshuka. "Tangu Jumapili yumo humu. Mimi namsikia, Taqla anamsikia. Anapanda, anafika pale pale, anakatika. Abuna, utamwagaje maji? Mtu hawezi kuondoka nyumbani akiwa katikati ya neno."

Wissa alikuwa amefikiri ni yeye peke yake anayemsikia.

"Hata mimi," alisema kwa shida. "Hata mimi namsikia. Saa mbili leo."

Bi Hannuna alimtazama. Kisha akashusha mkono wake kutoka mlangoni.

Wissa aliingia. Alivua viatu, akaenda hadi mbele ya lile benchi tupu, akapiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu. Vumbi liliingia mdomoni mwake. Hivyo ndivyo wafanyavyo watu wa kanisa lile kabla ya ibada, kila mmoja kwa mwenzake, na alikuwa amefanya hivyo mara elfu bila kufikiri. "Nimekosa," alisema. "Nimekosa, Mwalimu. Niondolee." Akangoja lile jibu ambalo daima hutolewa, kwamba Mungu ndiye aondoaye. Hakuna aliyelitoa. Benchi lilikuwa benchi.

"Si mimi wa kukujibu," alisema Bi Hannuna nyuma yake. "Na yeye hawezi. Kijiji hiki hakina mwimbishaji. Ule wimbo wake alimkabidhi mtu mmoja tu. Imba."

"Nimwimbie vipi, Mama Barsum? Kwa namna ipi?"

"Mimi sijasoma. Utajua mwenyewe."

Wissa alimtazama Abuna. Kasisi alitikisa kichwa. "Usinitazame mimi. Nani kati yenu ana haki, nimejiuliza tangu Hatur, na sijui. Sali kwanza."

Alisali. Hakuomba ajue sarufi. Kwa mara ya kwanza katika mwaka mzima hakuomba kuelewa chochote. Aliomba tu asiogope. Kisha, akiwa bado amepiga magoti, akaanza.

Sauti yake haikuwa nzuri. Ilikuwa sauti ya mtu wa reli, iliyozoea kupita juu ya kelele za injini. Lakini njia aliijua. Ilikuwa imekaa masikioni mwake kama alivyokabidhiwa, na kila kona ya wimbo palikuwa na mkono wa mzee unaogonga goti lake: polepole, mwanangu, hapa pumua. Alipanda. Nje upepo ulipiga bati la paa. Alipanda tena, na karibu na pale juu akaisikia, upande wake wa kushoto, kwenye benchi: sauti nyembamba yenye mkwaruzo, ikipanda naye. Alimwona Qulta akishika ukuta, macho yamemtoka. Taqla alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

Wakafika kwenye neno. Sauti ya pili ikakatika.

Wissa naye akaacha kuimba. Katika kimya kile alihisi mzee anageuza sikio kumwelekea, kama siku ile darasani, akingoja aambiwe. Kitabu kizima kilikuwa kichwani mwa Wissa, jedwali baada ya jedwali, kila wakati na herufi zake. Akafumba macho yake asione kitu.

"*Afi*," akaimba. Ametoka. Kama Mwalimu, kama Gad kabla ya Mwalimu.

Akaendelea kushuka upande wa pili wa wimbo. Kwa mstari mmoja alikuwa peke yake. Kisha ile sauti ikajiunga naye, kwanza kwa woga, halafu kwa nguvu iliyokuwa nayo miaka ya nyuma, ikamtangulia, ikamvuta, mpaka Wissa hakujua tena koo lipi ni lake. Walimaliza pamoja. Aliyefungua macho wa kwanza alikuwa Insaf, naye alikuwa akilia bila sauti.

Abuna Makari hakungoja. Alichukua bakuli, akachovya majani, akanyunyiza maji juu ya benchi, juu ya kitanda, kwenye pembe nne za chumba na juu ya vichwa vya watu, akisali kwa haraka. Mlangoni upepo uliingia ukageuka ukatoka. Baada ya hapo nyumba ilikuwa nyumba tu, yenye vumbi na watu wengi na harufu ya uvumba.

Wissa alibaki magotini. Alisikiliza. Hapakuwa na kitu. Hakuambiwa amesamehewa, wala hakuambiwa hapana, na kimya hicho kilimwogopesha kuliko sauti ilivyomwogopesha.

"Ameondoka?" Taqla aliuliza.

"Ameondoka," alisema Bi Hannuna. Alikaa kwenye benchi, polepole, kama anayekaa kwenye kiti cha mtu mwingine. "Yeye ameshamaliza na wewe, Wissa. Mimi bado. Ulimvua nguo mbele ya watu kumi na wawili na mgeni. Hapa wapo zaidi ya hao. Simama uwaambie."

Wissa alisimama. Aliwatazama: Abuna na bakuli lake, Qulta, wanafunzi wenzake wa darasa waliokaa kando ya ukuta, mkewe, wanawake wa kijiji wenye nguo nyeusi. Alikuwa na kiburi cha mtu aliyesoma akiwa mzee, na aliona kwamba kiburi hicho kingali hai, kinatafuta namna nzuri ya kusema. Hakukipa nafasi.

"Nilimkosea Mwalimu Sarabamun," alisema kwa sauti, "na nilimkosea baba yake ambaye sikumjua. Sikufanya vile kwa ajili ya kweli. Nilitaka mgeni anione. Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote naahidi: kesho Jumatano nitasema maneno haya haya darasani. Na kuanzia kesho wimbo huu nitaufundisha kama alivyonikabidhi, neno kwa neno, siongezi, sipunguzi, sirekebishi, kwa yeyote atakayetaka kuupokea. Na kila nikiufundisha, kabla sijafungua mdomo, nitasema nimeupokea kwa Sarabamun, naye kwa Gad baba yake."